Mawimbi Yaliyokatwa Vichwa

Fundi friji hakuwa mtu wa kuamini kitu asichokifungua skrubu. Kwa hiyo kitabu cha sheria alichomrekodia mdogo wake kilipotoka kinakwaruza, alivua shati akaingia kazini.

Mdogo wake huyo wa kike alikuwa haoni tangu utotoni. Mtihani ulikuwa wiki ijayo, na kitabu hakikuwa na toleo la kusikiliza. Asiposomewa na kaka yake, imekula kwake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, hedifoni masikioni, akitikisa kichwa.

"Maneno yanapasuka, kaka. Sipati hata sentensi moja nzima."

Kwenye kompyuta, mawimbi ya sauti yalikuwa bapa juu na bapa chini, kama ua wa miti uliopitiwa mkasi. Fundi akapunguza sauti. Mawimbi yakawa madogo, vichwa bado bapa. Sauti iliyokatwa wakati wa kurekodi haiponi kwa kupunguzwa baadaye. Akabadilisha waya. Akajifungia kabatini katikati ya makoti ili kuua mwangwi, akatoka amelowa jasho chapachapa na mawimbi ni yale yale. Mwisho akarekebisha maiki yenyewe, akajaribu, "Moja, mbili, tatu." Mawimbi yakatoka ya mviringo, safi kabisa. Akasoma ukurasa. Bapa.

"Maiki hii ina kisirani," akasema. Alikuwa ameanza kuogopa sasa, maana siku zilikuwa zinakwenda.

Mdogo wake akavua hedifoni. "Hebu hesabu tena, halafu soma. Nikusikilize hivi hivi."

Akahesabu, akasoma.

"Maiki haina kosa. Ni wewe. Ukihesabu unaongea kama watu. Ukinisomea unafoka, maiki inazidiwa."

"Sifoki. Napaza sauti ili unisikie vizuri."

"Kwani masikio yangu yana nini?"

Fundi akayatazama masikio yale. Hayakuwa na kitu. Tangu yule mtoto apoteze macho, yeye alikuwa amepandisha sauti, na hakuna siku aliyojiuliza kwa nini. Aibu ikampanda mpaka shingoni.

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

Mdogo wake alikunja waya wa hedifoni, akaukunjua. "Nikwambie nini? Nakusikia ukiongea na mkeo, na wateja, hata na yule fundi mwenzako anayekuibia bisibisi. Wote unaongea nao taratibu. Mimi peke yangu ndiye unayenipigia kelele." "Nilijua tu nimekuchosha."

Fundi alivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Hujawahi kunichosha," akasema, kwa sauti ile ile ya taratibu aliyoitumia kwa watu wengine wote.

Mdogo wake akageuza uso taratibu kuelekea sauti ilikotoka.

"Rudia," akasema.