Kuku wa Petali Arubaini

Nywele ndefu za rangi ya majani makavu zilikuwa zimenasa kwenye tundu la beseni la kuogea, na Mwatum alipozivuta zikaja na donge la sabuni. Alilitupa ndooni. Hicho kilikuwa chumba cha saba. Vilibaki vitano, na vyote vilitakiwa viwe tayari kabla ya saa nane mchana. Dawa ya kusafishia vigae ilikuwa imezila ncha za vidole vyake, hata mashine ya kusoma alama za vidole kwenye mlango wa wafanyakazi ilikuwa ikimkataa. Kila asubuhi aliibonyeza mara nne, mara tano, ndipo ikubali kwamba amefika kazini.

Kwa miaka saba alikuwa ametandika vitanda vya hoteli ile ya Shangani kwa namna moja. Shuka hukazwa. Taulo mbili hukunjwa ziwe bata wanaobusiana. Petali nyekundu za maua hupangwa mbele yao katika umbo la moyo. Kila siku alitoka nyumbani kwake Mpendae kabla jua halijachomoza, akapanga mioyo kumi na miwili, akarudi Mpendae.

Mwezi wa Rajabu, siku moja, alichoka. Hakuwa amekusudia lolote. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kidole kikausukuma upande mmoja wa moyo, na pale petali ziliposogea akamwona kuku. Alikuwa kuku wa bibi yake wa Kizimkazi, aliyependa kulalia ungoni na kumdonoa kila aliyetaka kumtoa. Mwatum akampa mdomo wa petali ya manjano ya langilangi. Akamgeuza mkia. Kisha akakaa juu ya visigino vyake na kucheka peke yake.

Kesho yake akapanga bahari iliyokupwa, na mama yake ameinama kwenye kamba za mwani. Keshokutwa, kanga zinazopepea kambani. Hakurudia kitu. Kila kitanda kilimchukua dakika nne za ziada, na dakika hizo alizikata kwenye muda wake wa kula. Goti lilimuuma vilevile, lakini sasa alipopanda ngazi alikuwa na jambo la kufikiria.

"Mwatum, leo umetandika kitanda au umefuga?" Ummkulthum, mwenzake wa ghorofa ile, alisimama mlangoni na ufagio wake. "Huyu kuku kanikazia macho kama mama mkwe wangu!"

"Mwamkie basi."

"Shikamoo, bi kuku!" Wakacheka mpaka Ummkulthum akajishika ukuta.

Wageni wakapiga picha. Picha zikasambaa kwenye simu za watu, na baada ya wiki sita Mwatum akaitwa ofisini. Bwana Matar, meneja, alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, lakini hakuwahi kumwita Bi Mwatum. Hakumwambia akae.

"Mwatum."

"Naam."

"Haya maua, nani kakutuma?"

"Hakuna, bwana. Nisamehe. Ntarudi kwenye moyo."

"Nani kasema urudi? Yamependwa!" Akamsukumia karatasi. "Tumemleta mtaalamu wa mapambo. Kapitia picha zote, kamchagua kuku. Tia saini hapo, kwamba muundo ni mali ya hoteli."

Mwatum aliishika kalamu bila kuandika. "Na nyengine? Ile bahari?"

"Bahari mgeni anaiona dirishani bure."

"Siku nkitaka kupanga kitu chengine, bwana?"

"Ili iweje? Mgeni wa chumba cha tisa akiona kitanda cha wa kumi kizuri zaidi, atakuja kulalamika kwangu, haji kwako." Akatazama saa yake. "Nje kuna wasichana wanaitaka kazi hii hata bila ya kuku."

Mwatum akatia saini.

Wiki iliyofuata kila chumba kilipewa karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki. Ilikuwa na picha ya kuku na maelekezo: petali arubaini, mdomo mmoja wa manjano, mkia uelekee dirishani. Chini, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina la mtaalamu. Moyo ulikuwa ukitumia petali ishirini. Muda wa chumba haukuongezwa.

Mwezi wa pili wa kuku, Bi Bashira, msimamizi wa usafi, alipita na karatasi ile mkononi. Alimwinamia kuku wa chumba cha sita akihesabu kwa kidole.

"Thelathini na nane. Na mkia umekwenda mlangoni."

"Akitaka kulalia hugeuka hivyo, Bi Bashira. Namjua. Kuku huyu nnamtunga mimi."

"Ulimtunga, mwanangu." Bi Bashira hakusema kwa ukali. Alitoa kitabu cha onyo mfukoni na kuandika polepole: kukiuka muundo wa hoteli. "Hili la kwanza. Na mie nna wa kunihesabu. Mgeuze."

Mwatum akamgeuza.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alasiri alikusanya petali za maua zilizoanguka chini ya ukuta wa jirani, akazitia kwenye upande wa kanga na kuzimwaga kitandani mwake. Alitaka ile bahari. Alitaka mgongo wa mama yake na kamba za mwani. Akafumba macho ili aione vizuri, akaiachia mikono ifanye kazi, nayo ikafanya kwa haraka, bila kusita.

Alipofumbua macho, kuku alikuwa amekaa katikati ya shuka. Alizihesabu petali. Zilikuwa arubaini. Mkia ulielekea kushoto, upande wa dirisha la hotelini, lakini hapa palikuwa na ukuta mtupu wa matofali, kwa sababu chumba chake hakikuwa na dirisha.