Karani wa Baba Mkwe

Kwa fundi wa vifaa vya umeme, hakuna mteja mgumu kama baba mkwe. Mteja wa kawaida akileta simu iliyotumbukia kwenye ndoo na kuapa kwamba ilizima tu yenyewe, fundi humtazama mpaka aseme kweli. Baba mkwe hatazamwi hivyo. Mtazame hivyo, na kufikia Jumapili mashangazi watatu watakuwa wanauliza ulilelewa wapi.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mzee aliposimama kwenye dirisha la karakana na kuweka mezani kitu kilichofungwa kwenye leso, fundi alikipokea kwa mikono miwili na macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karani anaumwa."

Karani ni jina alilokipa kifaa chake. Mzee alikuwa amekata vioo miaka arobaini, na alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wenzake, alijiunga na klabu ya warusha ndege zisizo na injini. Ndege ya namna hiyo huvutwa juu kwa kamba, ikaachiwa, na baada ya hapo ni wewe, upepo na Mola wako. Kifaa hicho, kipana kama kiganja, kilikaa mbele yake angani kumwonyesha yuko wapi, yuko juu kiasi gani na uwanja uko upande gani. Na kila baada ya sekunde nne kiliyaandika yote hayo bila kuulizwa.

"Anaumwa nini, baba?"

"Vitufe vinaganda. Nadhani ni jasho."

Fundi alibonyeza kitufe kimoja, na kidole chake kikanata. Kama lile lilikuwa jasho, basi baba mkwe wake alikuwa mtamu kuliko mzinga wa nyuki.

"Litakuwa jasho, baba," akasema, maana mkwe ni mkwe.

"Halafu klabuni wanasema kuna programu mpya, yenye ramani mpya. Niwekee hiyo." Mzee akakohoa kidogo, akatazama paa. "Hiyo mpya huwa inafuta mambo ya zamani, siyo?"

"Inafuta yote, baba."

"Vizuri sana," alisema mzee, akaondoka kwa mwendo ambao goti lake bovu halikuwahi kuonyesha mbele ya wanawe.

Fundi alifungua skrubu sita. Sisimizi wakatoka. Walikuwa kumi na saba, na mmoja wao alikuwa bado hai na hakufurahi kusumbuliwa. Alisafisha vitufe kwa spiriti na mswaki wa zamani, akabadilisha betri iliyovimba kama shavu la mwenye jino bovu, akalehemu upya tundu la chaji lililokuwa likicheza. Harufu ya asali ilijaa karakana nzima.

Kisha akafika kwenye nakala, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Miaka mingi nyuma, paa la karakana lilivuja juu ya droo moja na kuangamiza picha za harusi ya watu, za asili na za akiba pamoja. Bibi harusi alikuja akalia dirishani pale kutwa nzima. Tangu siku hiyo fundi hakugusa kifaa cha mtu bila kunakili vilivyomo mara tatu: nakala ya kwanza kwenye kompyuta ya karakana, ya pili kwenye kadi anayoifungia sandukuni, ya tatu kwenye kompyuta ya nyumbani. Mkono ulishazoea, akili haikuulizwa tena. Na kwa kuwa nakala isiyofunguliwa si nakala, alifungua safari za mwisho kuona kama zimekaa sawa.

Zilikuwa safari tano, za Jumamosi tano. Kila moja ilichora mstari mwekundu uliotoka uwanjani, ukazunguka vilima vizuri, kisha ukashuka kwenye shamba moja ng'ambo ya mto. Shamba lile lile, mara tano.

Sasa huko kutua mashambani familia nzima ilikujua. Kila Jumamosi simu ilipigwa: upepo umeisha, mzee ametua shambani, mwenyekiti wa klabu apeleke trela la kubebea ndege. Daraja lilikuwa mbali, hivyo trela lilichukua saa mbili kufika. Mume wa fundi alikuwa ameshachoka na simu hizo. Kazi yake ilikuwa kukagua lifti, na watu walimwita Mkaguzi mpaka nyumbani. Yeye mwenyewe hupanda ngazi. Alikuwa ameandikia klabu barua kwamba baba yake amezeeka, hawezi tena kurudisha ndege, asimamishwe kabla hajaletwa nyumbani vipande vipande. Kikao kilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo. Mzee akishindwa, harushi tena maisha yake yote.

Fundi hakuwahi kupanda ndege, lakini kuhesabu alijua. Mzee mwenyewe huwaambia wajukuu mezani: ndege yangu ikishuka mita moja, inakwenda mbele mita thelathini. Karani alikuwa ameandika kwamba, ukiacha safari ya kwanza, kila mara juu ya shamba lile mzee alikuwa na mita elfu moja na mia mbili. Hiyo ni kilomita thelathini na sita za kuteleza. Uwanja ulikuwa umbali wa kilomita ishirini.

Alihesabu tena. Kisha akatazama wale sisimizi mezani.

"Haa!" alisema peke yake. "Baba!"

Alhamisi mzee alikuja kumchukua mgonjwa wake. Alibonyeza vitufe, akafurahi, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama mambo ya zamani yamefutika.

"Yamefutika, baba. Ila usiwe na wasiwasi," ulimi wa fundi ukatangulia kwa mazoea ya miaka, "nimekuwekea nakala. Tatu."

Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Tatu," alisema.

"Hakuna aliyeziona ila mimi, baba. Na mimi sikuona kitu."

Walitazamana, jambo ambalo mkwe na mkwewe hawafanyi. Mzee alitikisa kichwa mara moja, akamfunga Karani kwenye leso. Fundi alijisikia vizuri sana, na hali hiyo ilidumu mpaka alipofika nyumbani na kumkuta Mkaguzi mbele ya kompyuta, kalamu sikioni, karatasi tano zimetandazwa mezani.

"Mama Watoto, umenisaidia," alisema. "Nilikuwa natafuta ushahidi, kumbe umeuleta mwenyewe. Tazama! Mara tano anaanguka pale pale. Hata mbwa huogopa shimo alilotumbukia jana."

Nakala ya tatu! Fundi aliisahau kama mtu anavyosahau kwamba anapumua. Akijaribu kumweleza mumewe kwamba baba hakuanguka, ataulizwa: sasa alitua kufanya nini? Akinyamaza, mzee anapoteza anga. Alitafuta uongo wa kumfaa, lakini njia ya mwongo ni fupi, na mumewe hulipwa mshahara kwa kuzipima njia kama hizo.

"Pengine huzielewi karatasi hizo," alisema.

"Mstari unaoshuka naujua, mke wangu. Ndiyo kazi yangu."

Jumamosi asubuhi walikaa kwenye banda la ndege, juu ya mabenchi, mzee katikati na Karani mapajani. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja, na yeye ndiye aliyevuta trela Jumamosi zote tano. Huruma ilikuwa imemwishia. Mkaguzi alimkabidhi karatasi zake moja moja.

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma ya kwanza na kukunja uso. Akasoma ya pili. Kufika ya tano alikuwa amesimama.

"Nani kakwambia huku ni kuanguka?"

"Si ametua shambani?"

"Ukiacha hii ya kwanza, kila mara ana mita elfu moja na mia mbili! Angerudi nyumbani huku anasoma gazeti. Badala yake anafungua breki za mabawa, anazunguka, anashuka kwenye uwazi mwembamba kama uchochoro, na mara zote tano anagusa ardhi hatua kumi tu kutoka alipogusa mara nyingine. Mimi nafundisha watu kurusha, na siwezi hilo." Akamgeukia mzee. "Hukuishiwa na upepo. Ulifuata nini?"

Mzee alimtazama mwanawe, akatazama sakafu.

"Mwanangu amesema kweli," alisema polepole. "Macho yamechoka. Hizo namba ni bahati tu. Nisimamisheni."

Mzee yule aliyekata vioo miaka arobaini bila kupasua hata kimoja alikuwa tayari kuitwa kipofu mbele za watu, mradi asiseme. Na kosa lilikuwa lake fundi, yeye na nakala zake. Akapiga moyo konde, akainuka.

"Nisamehe, baba. Karani haumwi macho. Nilipomfungua nilitoa sisimizi kumi na saba. Walifuata asali."

"Asali!" Mwenyekiti alijipiga paja. "Nyuma ya ile miti kuna nyumba ya mama mfuga nyuki! Mjane! Kumbe saa zile mbili za trela..."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mzee alikohoa.

"Mara ya kwanza upepo uliisha kweli," alisema, na sasa alikuwa akiongea na mwanawe tu. "Nilitua, akaja na fimbo akidhani ni mwizi wa mizinga. Tukaongea mpaka trela likaja. Tangu mama yako atutoke ni miaka sita, na sikuwahi kuongea na mtu saa mbili mfululizo. Wiki iliyofuata upepo haukuisha. Niliumaliza mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia, baba?" Sauti ya Mkaguzi ilikuwa imepungua. "Kuna basi linafika kule."

"Ningekwambia, ungekwenda kukagua ngazi zake."

Watu waliangua kicheko, na Mkaguzi, ambaye kweli angekwenda kukagua ngazi, alijikuta ameinyakua karatasi ile ya tano na kujifunika uso. Mabega yalimtikisika. Fundi alimwangalia na hakujua kama mumewe anacheka au analia, na nadhani hata mwenyewe hakujua.

Mwenyekiti alipiga meza. Hukumu yake ilikuwa fupi: mzee ataendelea kuruka, na atawafundisha wengine kutua kwenye uchochoro. Lakini yeyote atakayeitwa na mzee kupeleka trela kwa ajili ya asali, naye aletewe chupa.

Mzee alimwasha Karani ili akarushe ndege. Programu mpya ilikuwa imefuta kila kitu, na kabla ya kufanya kazi ilikuwa na swali moja ambalo fundi hakulijibu kwa makusudi, kwa kuwa si fundi wa kujibu. Kwenye skrini paliandikwa: Nyumbani ni wapi? Mzee alisogeza kidole kuelekea uwanja, akasita, akakirudisha. Akamtazama mwanawe kama mtoto anayeomba ruhusa.

Mkaguzi alikichukua kifaa. Alivuta ramani mpaka ng'ambo ya mto, akaitafuta ile miti, akaweka alama kwa uangalifu wa mtu anayepima kamba ya lifti. Akabonyeza. Kisha akampa mkewe.

"Nakala," alisema, akijifuta macho. "Weka tatu."