Kanisa la Mbao au la Mawe

Ziwa lilipanda mpaka kwenye mlango wa kanisa letu la Kavimvira, likaingia, likakaa kwenye mabenchi. Tulingoja miezi mitano lirudi kwake. Halikurudi. Ndipo muumini mmoja akatupatia parseli, kiwanja cha kujenga, huko Kilibula, juu kidogo, na Mchungaji Itangishaka akatangaza kwamba tutajenga upya.

Kumbe kwa miaka kumi na miwili tulikuwa tumeimba pamoja bila kuulizana Yesu atarudi kwa namna gani.

Aliyeanza ni Mzee Félicien, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ndogo na Biblia kubwa. Fundi wa ujenzi, kijana aitwaye Luc, alikuja kupima kiwanja akauliza msingi uende chini kiasi gani. Lilikuwa swali la fundi tu. Félicien akalijibu kama mhubiri.

"Usichimbe sana. Simika nguzo, piga mbao, weka mabati. Kanisa litanyakuliwa kabla ya dhiki kuu, na dalili zote ziko wazi. Simenti ya nini?"

"Minye nauliza sentimita tu, papa," Luc akasema.

Mke wa Félicien, Mama Louise, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuwa amesimama hapo hapo ameshika ncha ya kamba ya kupimia. Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne, na katika jambo hili hawakuwahi kupatana hata siku moja. Yeye anaamini kanisa litapita katikati ya dhiki, tena kwa miguu yake.

"Andika mita moja na nusu," alimwambia Luc. "Na ukuta wa mawe. Siku hizo zikifika, bantu watakimbilia wapi? Kwenye mbao?"

Mchungaji akatabasamu, akakunjua karatasi. Alikuwa amechora kanisa la ghorofa, viti elfu moja na mia mbili. Kwa imani yake, Injili itaenea polepole mpaka dunia yote itengenezeke, na Bwana atakuja akute kazi imekwisha. Waumini wetu, ukihesabu na watoto wa mgongoni, ni tisini na sita.

Luc, ambaye ni Mkatoliki, aliitazama ile ghorofa, akawatazama wale watatu, akaanza kukunja kamba yake.

"Mukisha kupatana Yesu anakuja saa ngapi, muniite," alisema, akapanda pikipiki akaenda.

Jumamosi tulikutana kwenye parseli, chini ya turubai. Félicien alisoma Wathesalonike, jinsi tutakavyonyakuliwa mawinguni. Louise alisoma Mathayo, mahali panaposema "baada ya dhiki ya siku zile", na neno "baada" alilisoma mara tatu. Mchungaji akasoma mfano wa chachu. Kila mmoja alishangiliwa na watu wake, na wengine tulimshangilia kila aliyesoma, kwa sababu wote walisoma vizuri.

Kisha Louise akamgeukia mumewe.

"Baba Chadrack, mwezi wa pili ulipanda michikichi hamsini kule Kiliba. Mchikichi unazaa baada ya miaka minne. Kama sisi tunaondoka leo kesho, ni nani atakamua mafuta?"

Félicien aliwaza kidogo.

"Wale watakaobaki," alisema.

Tulicheka mpaka wengine wakatoka nje ya turubai. Louise alicheka kuliko wote. Félicien peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, hakuirudisha usoni.

"Nimejenga nyumba tatu," alisema. "Ya kwanza iliondoka na vita. Ya pili, mto uliibeba. Ya tatu iko ndani ya ziwa, munaijua. Na matofali ya lile kanisa la Kavimvira niliyachoma minye na mikono hii. Sasa munaniambia nianze tena, na mawe. Nikimuomba Bwana aje kabla sijachimba fondasyo ingine, iko zambi?"

Louise aliinuka upande wa akina mama, akavuka katikati, akakaa kwenye benchi la wanaume karibu naye. Kwetu hilo halifanyiki, lakini hakuna aliyemzuia.

"Hukuniambia," alisema.

"Nyumba zote tulikuwa pamoja. Nilifikiri unajua."

"Nyumba nazijua. Hii ya kuchoka ndiyo uliyonificha."

Mchungaji alichukua mchoro wake wa ghorofa, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni. Kisha akamtuma mtu akamwite Luc.

Luc alisikiliza kila kitu akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Mulima huu hausome Ufunuo," alisema. "Mvua ikinyesha, udongo unashuka, hata Yesu awe karibu. Fondasyo iwe ya mawe, mita moja. Juu, muweke mbao. Akikawia, mutatoa mbao, mutapandisha matofali."

"Na ghorofa?" Mchungaji akauliza.

"Ghorofa, ngoja dunia itengenezeke kwanza."

Wiki ile ile tulianza kusomba mawe kutoka mtoni. Félicien alisema mgongo wake haumruhusu, lakini Jumanne alitokea na toroli la jirani, na tangu siku hiyo alifika kabla ya wote. Louise alimsimamia, mikono kiunoni.

"Mtu wa kunyakuliwa, unabeba mawe?"

"Nabeba madogo," alimjibu. "Nikiitwa, niyaachilie bila kujiponda miguu."

Jumapili ya kwanza katika kanisa jipya, Mchungaji alihubiri juu ya uvumilivu, somo ambalo alidhani halina hatari. Baada ya baraka Félicien aliomba kuuliza kaswali kadogo. Louise akainuka amjibu kabla ya Mchungaji. Mpaka saa nane mchana walikuwa bado kwenye sura ya ishirini ya Ufunuo, wali wa akina mama umepoa, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Luc alikuwa amepita tu kuangalia kama mbao zimeshika vizuri. Alikaa benchi la nyuma, akapewa sahani, akakaa mpaka mwisho. Walipotoka, alimfuata Louise mlangoni.

"Mama, Jumapili ingine mutaendelea?"

"Weye si una misa?"

"Misa yetu inaisha saa tatu," alisema. "Nitawahi."