Tangazo la Mratibu

Mratibu wa huduma za wanafunzi wenye ulemavu alitangaza kifafa cha binti wa watu mbele ya darasa zima. Hakuwa na nia mbaya. Binti alihitaji mtu wa kumwandikia maelezo ya somo siku anazougua, na mratibu, mtu wa kupenda kusikika, akashika kipaza sauti.

"Wanangu, mwenzenu huyu wa mstari wa mbele ana kifafa. Nani atamsaidia?"

Mikono mingi ikanyooshwa. Mratibu akatoka kifua mbele.

Kesho yake binti aliingia ofisini, akakataa kiti.

"Mzee, siri ile nilikupa wewe, sikuwapa wao."

"Lakini mwanangu, si umepata watu wa kukuandikia?"

"Nimewapata. Sasa wanaulizana nani abebe kijiko cha kunitia mdomoni nikianguka. Wameshaniita Bi Kijiko. Na rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja amehamisha godoro lake."

Aibu ikampanda mratibu hadi masikioni.

"Nitarudi darasani niwakanye."

"Usiseme kitu tena! Nakuomba, mzee, nyamaza tu."

Akanyamaza. Binti aliondoka chuoni kabla ya mitihani. Lile tangazo lilimgharimu rafiki, mwaka mzima wa masomo na ualimu aliokuwa akiutamani tangu utotoni. Mratibu hakupoteza chochote, hata kiti chake alibaki nacho, ila tangu hapo akipita mbele ya darasa lile huinamisha kichwa.