Koti la Kwenye Kabati la Kioo

Nilimpigia pasi Rais wetu yule wa zamani kwa miaka kumi na mmoja, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho. Kazi ilikuwa na sharti moja. Mheshimiwa alikuwa na maadui, na aliogopa kutegewa sindano ya sumu ndani ya koti. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Mama Pasi, wewe utanivika nikitoka, na wewe utanivua nikirudi. Sitaki mkono mwingine."

Ikawa hivyo. Akirudi jioni alisimama mlangoni pa chumba cha pasi, akanipa mgongo, akaachia mikono nyuma kidogo, nami nikavuta. Mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Hatukuongea.

Siku ya mwisho nilimvika saa sita mchana, akaenda mkutanoni. Gari lilirudi na koti tu, limekunjwa ndani ya mfuko wa hospitali. Moyo wake ulisimama huko huko mkutanoni. Walimvua watu nisiowajua. Nililinyoosha, wakalifungia kwenye kabati la kioo, na miaka thelathini ikapita.

Siku hizi, kila ikifika tarehe aliyozaliwa, makumbusho wanafanya maonyesho. Watu wanavaa nguo za wakati ule na kuigiza: mke wa Rais, mpishi, dereva, askari wa geti. Watalii wanajaa na simu zao. Mimi naigiza mimi mwenyewe, na si kazi rahisi hata kidogo.

"Bibi, usitabasamu," msimamizi huniambia. "Mama Pasi hakuwa mtu wa kutabasamu."

"Kwani ulimjua?" namuuliza.

Mwaka huu Rais aliigizwa na mwanangu wa mwisho, kinyozi. Tunamwita Shoto, maana kila kitu anafanya kwa mkono wa kushoto. Urefu anao, na mdomo wake hautulii.

"Rais gani wewe," mke wake alimcheka asubuhi ile, "hata kuku wako hawakuogopi."

"Leo utaniita Mheshimiwa mpaka nishibe," akamjibu.

Kosa lilikuwa langu. Miaka yote ile sikuwahi kuunguza hata leso. Siku hiyo watalii waliniomba niinue pasi ya mkaa wapige picha, nikainua. Wakasema tena, nikainua tena. Kisha nikaishusha juu ya koti la maigizo na kugeuka kuwatazama, kama msichana. Harufu ndiyo iliyonizindua. Mgongo wote ulikuwa umetoboka.

Msimamizi hakunigombeza. Alitoa funguo, akafungua kabati la kioo.

"Hilo hapana," nilisema. "Hilo halijavuliwa."

"Halijavuliwa vipi, Bibi, na nimelishika hapa?"

Watu walikuwa wanasubiri na aliyeharibu ni mimi. Nikalichukua. Lilinuka dawa ya nondo, lakini ndani lilikuwa na joto, kama limetoka mwilini sasa hivi. Shoto alikuwa katikati ya utani wake mmoja kuhusu kipara cha msimamizi. Nilipomvika mkono wa pili, utani ukakatika. Hakuumalizia. Aliweka kola sawa, akatoka kwenda barazani bila kunitazama.

Haikupita nusu saa mkwe wangu akanijia mbio.

"Mama, Shoto anasaini kitabu cha wageni kwa mkono wa kulia."

"Si anaigiza?"

"Mama, huyo hawezi hata kupiga mswaki kwa mkono wa kulia!"

Akanionyesha picha kwenye simu. Sahihi ile naijua, ni ya Mheshimiwa. Iko ukutani pale ukumbini, ndani ya fremu, na mkia wake umepinda vile vile.

Saa sita Rais hupanda gari, huzungushwa bustanini, hurudi, na maonyesho yanakwisha. Gari lilirudi. Alikaa kiti cha nyuma mpaka akafunguliwa mlango. Msimamizi akamshika bega amsaidie kuvua koti, na nikaona mikono ya mwanangu imekakamaa kama ubao.

"Sitaki mkono mwingine," alisema.

Watalii wakapiga makofi. "Ameiweza!" msimamizi akanong'ona. Maneno yale sikuwahi kumwambia mtu, hata watoto wangu.

Nilitangulia chumba cha pasi. Nyayo zikanifuata taratibu. Shoto hutembea kwa kuburuta viatu, tangu mdogo namsema. Hizi hazikuburuta. Zikasimama mlangoni. Akanipa mgongo, akaachia mikono nyuma.

"Umenichelewesha sana, Mama Pasi."

Nilitaka kupiga kelele anirudishie mwanangu. Lakini nilifanya kazi kwa mtu yule miaka kumi na mmoja, na najua hakupenda kelele.

"Hukurudi, Mheshimiwa," nilisema. "Lilirudi koti peke yake. Ulifariki kule mkutanoni."

Nje watu walikuwa wanacheka, wanagombania kivuli cha kupigia picha.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ni lini watu wako walithubutu kukuambia habari mbaya?"

Mabega yakatikisika kidogo. Nadhani alicheka. Nikavuta mkono wa kushoto, halafu wa kulia. Koti likaniangukia mikononi, zito kama nguo iliyotoka kwenye maji, na likapoa pale pale.

"Mama," Shoto akasema, akikuna sikio kwa mkono wa kushoto, "hivi chai bado? Na yule mwenye kipara yuko wapi, nimalizie?"

Nilimshika uso nikamtazama mpaka akaona haya.

Koti limerudi kwenye kioo. Shoto amerudi kwenye mkasi wake, na mdomo ni ule ule. Ila kila jioni akitoka kazini, kabla hajamsalimia mtu, anasimama mlangoni kwangu na shati lake la kawaida. Ananipa mgongo. Anaachia mikono nyuma kidogo. Ukimuuliza baadaye, hajui.

Mimi sina haraka. Namvua kile kisichoonekana, wa kushoto kwanza, nakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Leo kilikuwa chepesi kidogo kuliko jana.