Mvua Katika Chumba cha Mtihani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kwenye mtihani wa kuchapa, na kibodi yangu ilikuwa imetangulia kwa miguu.

Mtihani wenyewe ni wa kweli. Ni leo saa tatu asubuhi, na atakayefaulu anakuwa karani wa baraza la ardhi hapa Tabora. Mimi, Kalunde, niliacha kuona miaka miwili iliyopita, kwa hiyo kompyuta yangu hutamka kila herufi ninayoigusa. Mwalimu wangu Nsajigwa, ambaye hajaona tangu azaliwe, huisikiliza yake kwa kasi ya mia. Yangu niliiweka thelathini.

"Dada Kalunde," aliniambia jana, "kwa mwendo huo wa kinyonga, muda utakwisha bado unasalimiana na herufi."

Nililala na hasira, hasa kwa sababu alisema kweli.

Basi, ndotoni. Hata huko sioni. Ndoto zangu nazo zimeshazoea. Nakaa, na kwa vidole vya shahada natafuta vile vinundu viwili, cha F na cha J, vinavyonionyesha nilipo.

"Umechelewa," anasema F.

"Chai tumeshakunywa," anasema J.

Msimamizi anakuja kujitambulisha. "Naitwa Kimya. Ndimi yule wa kwenye tangazo la mlangoni, 'Kimya, mtihani unaendelea.' Leo wamenibandua nisimamie mwenyewe."

Nampa shikamoo. Nagusa M. "Em," inasema M.

"Nani amezungumza?" anauliza Kimya.

"Herufi, mzee. Isipojitaja, sijui nimeandika nini."

"Maneno hayaruhusiwi humu."

"Kinaruhusiwa nini?"

Nasikia akipekua kurasa. "Kukohoa, kupiga chafya, na mvua."

Nainamia kibodi. "Jamani, mnaweza kunyesha?"

"Sisi tunaweza," anasema F. "Mashaka yapo kwako. Tukianza hatumsubiri mtu. Utatusikia?"

Namwambia ukweli kwamba naogopa. Halafu namwambia waanze.

Wanaanza. Herufi zinamwagika kwa kasi ya mia, na mimi sisikii chochote ila mvua juu ya bati. Nataka kulia. Namkumbuka Mwalimu na kinyonga wake, hasira inapanda, nainua shingo. Ndani ya ile mvua nasikia "baraza". Kisha "mpaka wa shamba". Kisha sentensi nzima, na nyingine nyuma yake, na vidole vyangu vinakimbia nazo.

Kimya anasimama kando yangu, anatega sikio. "Hii ni mvua," anasema. "Endelea."

Chumba sasa ni stesheni ya treni. Hakuna anayeuliza. Watahiniwa wenzangu wamefungua miavuli na wanaendelea kuchapa, lakini mimi namaliza barua tatu kabla treni haijapiga honi.

Kitufe cha kufuta, ambaye ni mzee wa heshima, anakohoa. "Binti, leo hukuniita hata mara moja. Naomba nikapumzike."

"Nenda, babu."

Kimya anachukua karatasi zangu na kuzisoma. Anazisoma tena. Kisha, mbele ya stesheni nzima, Kimya anapiga vigelegele.

Ndivyo vilivyoniamsha.

Asubuhi ilikuwa imefika. Ninaishi peke yangu, na komeo la mlango lilikuwa mahali pake. Nikaifungua kompyuta nichape kidogo kabla ya chai. Nikagusa F, ikatamka jina lake upesi hata nikashtuka. Nikaiamuru isome barua ya mazoezi ya jana. Ikamwaga barua nzima, nami nikasikia kila neno, hadi nukta ya mwisho.

Nikaenda kwenye mipangilio ya sauti. Jana niliiacha thelathini. Ilikuwa mia.

Nimeiacha hapohapo. Natoka sasa kwenda kwenye mtihani, na ninamwonea huruma mzee wa kufuta. Leo tena hana kazi.