Mfuko wa Jaketi Dogo

Mama yake alikuwa dobi, na mifuko kwake ilikuwa kama dini. Nguo haikuingia kwenye beseni kabla hajageuza kila mfuko nje. Alishaokoa pete, meno ya bandia, hata barua za mapenzi ambazo hakuona haya kuzisoma. Lakini nguo ikishapigwa pasi na kutundikwa, hakuipekua tena. Binti yake alilijua hilo, ndiyo maana vidonge vyake alivificha huko, kwenye nguo safi za watu.

Shuleni walimwita Bubu. Walihamia mtaa ule baba alipofariki, na hakuna aliyemuuliza hata ameamkaje, isipokuwa Mpole, kijana wa duka la simu. Mpole alimuuliza mbona macho mekundu. Akamjibu kwamba halali. Mpole akampa kidonge cha usingizi bure, na usiku ule akalala fofofo. Rahisi ghali, lakini nani humwambia hivyo mtoto mpweke aliyepata wa kumsemesha? Sasa asipomeza, mikono ilimtetemeka. Akimeza, kesho yake hakumbuki ya jana.

Jumamosi mchana aliporudi kutoka sokoni, jaketi dogo la bluu, alimoficha pakiti yake, halikuwepo kwenye kamba. Mama, macho kwenye pasi, alisema mwalimu wa chekechea amelifuata mapema kwa sababu ana safari. Mtoto wa mwalimu alikuwa mdogo, wa kutia kinywani chochote anachookota. Bubu akatoka mbio bila kuaga.

Alimkuta mwalimu akipanga begi. Akadanganya kwamba mama amemtuma, eti kuna kifungo kimelegea.

"Basi mtoto kalala nalo," mwalimu akasema. "Kagoma kulivua. Na leo kalala mwenyewe, maana siku zote ni vita."

Bubu akapiga magoti kando ya kitanda, akatia mkono mfukoni. Pakiti ilikuwepo, imechanwa, vidonge vichache vimebaki. Alijaribu kukumbuka kama aliichana yeye jana, akakuta giza tupu kichwani. Mwanzoni vilikuwa vingapi? Hakujua. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alipovishika alifurahi kabla hajamkumbuka mtoto.

Akaificha pakiti kiganjani, akasema kifungo ni kizima, akaaga. Angeweza kwenda zake, na mama asijue kamwe. Mlangoni miguu ikagoma.

"Mwalimu, mwamshe."

"Kwa nini tena, mwanangu?"

"Mwamshe sasa hivi. Huenda amemeza dawa zangu." Akafungua kiganja.

Mwalimu alimnyanyua mwanawe, akamtikisa, akamwita. Kichwa kikamlalia begani. Akamwita tena, na Bubu akawa anamwomba Mungu kwa maneno aliyodhani ameyasahau. Mtoto akafumbua jicho moja, kisha akaangua kilio cha hasira, kile cha mtu aliyekatiziwa usingizi wake halali.

Hata hivyo walimkimbiza zahanati. Tabibu alichukua pakiti, akampima mtoto, akakaa naye hadi jioni, kisha akasema hakumeza kitu. Mwalimu alilia pale tu alipoambiwa hivyo. Bubu alikuwa kwenye benchi la nje, akitetemeka, aliposikia kandambili za mama yake.

Dobi alikuja na mikono bado imekunjamana kwa maji. Alikuwa ameshaambiwa yote. Hakupiga kelele wala kumpiga. Alipiga magoti mbele ya mwanawe na kuanza kugeuza mifuko yake nje, wa sweta kwanza, halafu wa sketi, taratibu kama afanyavyo kando ya beseni.

"Mifuko ya watu wote nimeipekua," alisema. "Yako sikuigusa."

Katika mfuko wa mwisho akatoa kidonge kimoja. Binti alikumbuka vizuri alipokichomoa kwenye pakiti: njiani kwenda zahanati, mtoto akilia begani mwa mwalimu.

Mama akakitazama, akafumba ngumi.

"Usinirudishie, mama," Bubu akasema. "Hata nikikulilia."